Muhuri wa Mhasibu, Kalamu ya Karani

Wiki iliyopita mlango ulifunguka, nasi tukakunja gazeti. Leo tuingie ndani.

Kwa aliyechelewa, mambo yako hivi. Mama Vifungo ana kiwanda kidogo cha kushona sare za shule kwenye jengo la kupanga. Mwenye jengo anauza. Amempa mpaka Ijumaa saa nne asubuhi: alete pesa, au atoe vyerehani vyake vyote barabarani. Benki imekubali kumkopesha kwa rehani ya nyumba anayolala na wanawe, mradi hesabu za miaka mitatu ziwe na sahihi na muhuri wa mhasibu. Hesabu anazo. Muhuri upo. Ila mhasibu mwenyewe, anayelipwa kila mwaka, Mama Vifungo hajawahi kumwona hata kisogo.

Ndiyo maana Alhamisi asubuhi aliifuata anuani iliyo kwenye muhuri, akabisha. Mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, akafungua. Akaipokea karatasi ya hesabu yenye muhuri, akaisoma akiwa amesimama.

"Jina ni langu," akasema. "Anuani ni yangu. Sahihi si yangu."

"Unasema nini?"

"Nasema hesabu hizi sijawahi kuziona. Na wewe, mama, sikujui."

Mama Vifungo alishika fremu ya mlango. Miaka mitatu! Kila mwaka ada ya mhasibu ilitoka, pesa ya kununua cherehani kizima na kiti chake. Ilikwenda kwa nani?

Najua mmeshamtaja mtu moyoni. Hata mimi. Lakini tusimchinje mtu kabla hajafika.

"Karatasi hii ulipewa na nani?"

"Shemeji yangu. Mdogo wa marehemu mume wangu. Ndiye mhasibu wetu wa pale kiwandani."

"Mhasibu wenu, au karani wenu?"

"Si ni kitu kimoja? Anaandika hesabu."

Yule mwanamke akashusha pumzi kama mtu aliyeona sufuria ya jirani ikiungua. "Ingia ndani, mama. Hapo hapo ndipo ulipouziwa mbuzi kwenye gunia."

Chumba cha mbele kilikuwa na meza, mafaili, na feni iliyozunguka kwa kunung'unika. Mlangoni hapakuwa na kibao. Ukutani hapakuwa na cheti, palikuwa na msumari mtupu.

"Vibao vimeshushwa, ukuta unapakwa rangi," mwenyeji akasema, kabla hajaulizwa.

Mama Vifungo akayatia maneno hayo kibindoni. Mtu anayejibu swali ambalo halijaulizwa, marehemu mama yake alimfundisha, mwangalie mara mbili.

"Kiwandani kwako nani anapima wateja?" yule mwanamke akauliza.

"Binti yangu. Ana futi yake shingoni. Anapima, anaandika kifua, bega, urefu."

"Na anayekata?"

"Fundi mmoja, tunamwita Mkasi."

"Mkasi akikuta kifua cha mtoto wa darasa la kwanza kimeandikwa inchi arobaini, anakata?"

Mama Vifungo alitaka kulia lakini akajikuta anacheka. "Wapi! Atarudi kuuliza, huyu ni mtoto au ni pipa?"

"Basi umeshaelewa. Binti yako ndiye karani. Anaandika alichokiona, kila siku, bila kuruka. Ni kazi ya heshima, na bila yeye hakuna nguo. Mhasibu ni Mkasi. Anayachukua yote yaliyoandikwa, anayaweka pamoja, anauliza: mbona hapa panabana? Mbona hapa pamezidi? Akiridhika anatia sahihi. Nguo ikipasuka mbele ya benki au watu wa kodi, anaulizwa yeye. Kwako wewe, aliyepima ndiye aliyekata, ndiye aliyeshona, na ndiye aliyesema, 'Shemeji, imekukaa.'"

"Lakini mimi biashara yangu ndogo! Nitawalipa wawili kwa kipi?"

"Nani kasema wawili kila mwezi? Karani ni wa kila siku. Mhasibu unamwita mara moja kwa mwaka, au mbili. Tena mhasibu wa kweli ana cheti na namba ya usajili. Unaomba cheti, unapiga simu kwa chama chao, wanakwambia yumo au hayumo. Hulipii hata senti."

Mama Vifungo akatikisa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Swali lilimfika mpaka kwenye ulimi: na chako kiko wapi? Akalimeza. Aliishia darasa la saba, na watu wenye mafaili humtia haya. Kumwuliza mtu kama huyu cheti, nyumbani kwake, kwenye kiti chake?

Kumbukeni alilimeza.

"Benki inafunga saa tisa," yule mwanamke akasema, akichukua mkoba mkubwa mweusi. "Twende nikavione vitabu vyako leo hii. Ada tutazungumza baadaye. Jina langu limechezewa, mama. Na mimi nina cha kupoteza."

* * *

Walifika kiwandani saa saba. Vyerehani vilikuwa vinakimbia, hewa nzima imejaa nyuzi nyeupe. Mama Vifungo alishakubaliana na mgeni wake: asitajwe kuwa ni nani. Atakuwa mwalimu mkuu anayetafuta sare.

"Karibu mwalimu!" akapaza sauti Bibi Pindo, mshonaji mzee wa mapindo, ambaye mdomo wake huenda kasi kuliko cherehani chake. "Una watoto wangapi?"

"Mia nne."

"Ewe! Na mume anasemaje?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Vifungo hakucheka. Macho yake yalikwenda kwenye pembe, kwenye meza ndogo yenye kabati la chuma pembeni. Kiti kilikuwa kitupu.

"Kalamu yuko wapi?"

Kalamu ndilo jina walilompa shemeji yake, maana kalamu haijawahi kutoka sikioni mwake tangu alipoanza kazi, miaka kumi na moja.

"Katoka saa tatu," akasema Bibi Pindo. "Kasema anafuata uzi. Nikamwambia, baba, mtu anayefuata uzi havai koti la harusi."

"Alivaa koti?"

"Na viatu vimeng'aa, ungeweza kujitazama ukachana nywele."

Mama Vifungo akaiendea ile meza ya pembeni. Akalivuta kabati. Limefungwa.

"Ufunguo wa pili unakaa wapi?" mgeni akamnong'oneza.

"Wa pili?"

Hakuwa nao. Mama mwenzangu, isikie hiyo. Kiwanda chake, kabati lake, vitabu vyake, na kwa miaka kumi na moja hakuwahi kuushika ufunguo. Kila alipofikiria kuuliza, alijiambia, shemeji atasema simwamini.

Akamwita Mkasi. Mkasi ni mrefu, mkimya, ana vidole kama koleo. Alilizunguka kabati mara moja, akaleta bisibisi, akaanza kufungua bawaba kwa upande wa nyuma.

"Mama, nikishafungua, sirudishi maneno," akasema. "Mimi sijui kitu, nimetumwa."

"Nimekutuma."

Mlango wa kabati ukaning'inia. Vitabu vitatu vikubwa vyenye majalada mekundu, na bahasha ya kaki. Mama Vifungo aliichungulia bahasha kwanza. Hati ya nyumba ilikuwa ndani. Akaushukuru ukuta, maana ndio uliokuwa mbele yake.

"Hati hiyo iweke kwenye mkoba wangu pamoja na vitabu," mgeni akasema, "iwe salama."

"Itakaa hapa," Mama Vifungo akajibu, akaitumbukiza ndani ya gauni, kifuani. Hakujua kwa nini alijibu kwa ukali hivyo.

* * *

Wakajifungia stoo, kati ya majora ya kitambaa, Mkasi akiwa mlangoni. Mgeni akavaa miwani, akafungua kitabu cha kwanza, akateremka kwa kidole. Ukurasa. Ukurasa. Mama Vifungo alisubiri kusikia neno "mwizi."

"Safi," mgeni akasema.

"Safi vipi?"

"Shemeji yako ni karani hodari, mama. Kila ununuzi una risiti. Kila mauzo yana tarehe. Hakuna palipofutwa. Jumla zake hazina kosa hata la senti tano."

Mama Vifungo aliona aibu ikimpanda kama maji. Amemvunjia kabati ndugu wa mume wake! Amemtilia shaka mtu aliyewabeba wanawe mgongoni siku ya msiba! Sasa atamwambia nini akirudi na uzi wake?

"Jora moja la kitambaa cheupe linatoa mashati mangapi?" mgeni akauliza, bila kuinua macho.

"Thelathini. Vipande vinavyobaki tunafanya kola na mifuko."

"Mkasi, kweli?"

"Thelathini," Mkasi akaitikia kutoka mlangoni. "Mtoto mnene, ishirini na tisa."

"Mwaka jana mlianza na stoo tupu, mkanunua majora meupe mia moja na sitini. Yameandikwa hapa. Mwaka ulipoisha, kumi yalikuwa stoo. Yameandikwa hapa. Kwa hiyo yaliyokatwa ni?"

"Mia moja na hamsini."

"Mashati?"

Mama Vifungo hakuhitaji kalamu. Kwa hesabu za kichwa, hata wenye mafaili hawampiti. "Elfu nne na mia tano."

Mgeni akafungua kitabu cha pili, akakiweka kando ya cha kwanza, magoti yao yakagusana. Akaweka kidole kimoja kwenye ukurasa huu, kingine kwenye ule.

"Mashati yaliyouzwa pamoja na yaliyobaki kwenye rafu. Soma mwenyewe."

Mama Vifungo akasoma. Akarudia. Elfu tatu na mia sita.

"Mashati mia tisa yameenda wapi?" akasema.

"Hayajawahi kuwa mashati. Majora thelathini yalitoka humu yakiwa majora. Na shemeji yako hakuandika uongo hata mmoja. Kitabu cha manunuzi ni kweli. Kitabu cha mauzo ni kweli. Ila havijawahi kulala kitanda kimoja. Mhasibu yeyote angevifungua pamoja, angeliona hili kabla chai haijapoa."

"Ndiyo maana..."

"Ndiyo maana muhuri ulichongwa. Mhasibu wa kweli asifike."

Mali bila daftari hupotea bila habari, tuliambiwa tangu utoto. Hatukuambiwa kwamba hata yenye daftari hupotea, daftari likiwa na mwandishi na likakosa msomaji.

Mama Vifungo akageuka polepole. Stoo ina mlango mmoja, na mlangoni alisimama mtu mmoja. Hakuna jora linalotoka humu bila kupitia mikononi mwake.

"Mkasi," akasema. "Baba yangu. Majora yangu thelathini."

Mkasi akapauka. "Mama, usinitazame hivyo."

"Nikutazameje? Nicheke?"

"Majora si uliyaagiza mwenyewe!"

"Mimi?"

"Wewe, mama! Kwa sahihi yako!" Akachomoka mbio. Wakasikia meza ya kukatia ikiburuzwa. Akarudi na msumari mrefu uliochomekwa vijikaratasi, kimoja juu ya kingine kama mishikaki, kila fungu limefungwa kwa mpira. "Mimi sitoi hata kipande bila hati. Baba yangu alifungwa kwa kutoa mzigo kwa maneno. Hizi hapa za mwaka jana. Hesabu!"

Mama Vifungo akahesabu, midomo ikicheza. Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini.

Kila hati iliandikwa kwa mwandiko wa Kalamu, mzuri, umelala upande mmoja: *Mchukuzi apewe jora moja jeupe.* Na chini ya kila hati, kwa herufi kubwa za kuchongwa taratibu, sahihi yake yeye mwenyewe. Si ya kuiga. Yake.

"Sisi tulijua unafungua tawi," Mkasi akasema kwa unyonge.

Bibi Pindo, ambaye alikuwa amesogea bila kuitwa, akachomeka kichwa. "Mimi nilishashona gauni la ufunguzi, mama. Nikajiambia moyoni, huyu mwanamke msiri! Ana kiwanda cha pili na hatualiki."

"Bibi, rudi kwenye pindo lako."

"Pindo limeisha. Nina masikio tu."

Mama Vifungo alikaa juu ya jora. Sasa nitawaambia jambo ambalo hakumwambia mtu yeyote, hata wanawe.

Anatia sahihi polepole. Ulimi unatoka nje kidogo, mkono unatetemeka, herufi ya kwanza inapanda juu, ya mwisho inashuka chini. Wateja wakisimama kumsubiri, anatokwa jasho. Siku moja mama mmoja mwenye kucha ndefu alimtazama akiandika, akamwambia mwenzake, "Tungekuja na chakula cha mchana." Shemeji aliyaona machozi. Akaja na shauri jema: "Shemeji, kwa nini uteseke? Kila Jumamosi tukifunga, kaa nyumbani kwa utulivu, tia sahihi kitabu kizima cha hati. Mimi nitajaza katikati ya wiki. Hakuna atakayekuona."

Mama Vifungo akambusu mkono kwa shauri hilo.

Basi kila Jumamosi, wanawe wakiosha viatu vyao vya shule uani, Mama Vifungo aliketi mezani akatia sahihi hati hamsini tupu. Alizipanga vizuri. Alizifunga mpira. Alimkabidhi mwizi ufunguo na kumshukuru kwa kuubeba.

"Hati tupu?" mgeni akauliza. Miwani yake ilikuwa imeteleza mpaka ncha ya pua. "Zote?"

"Zote."

"Za kutolea vitambaa peke yake?"

Mama Vifungo akafumba macho. Jumamosi iliyopita. Juu ya kitabu cha hati kulikuwa na karatasi nyeupe, kubwa, tatu. Hazikuwa na mistari wala maandishi. Za nini hizi, shemeji? Za dharura, shemeji, kwa ajili ya benki, wasije wakatukwamisha kwa kakosa kadogo.

"Na karatasi nyeupe tatu," akasema.

Hapo simu ikalia.

* * *

Ilikuwa namba ya benki. Mama Vifungo aliweka sauti kubwa, wote wasikie.

"Mama, habari za mchana," akasema afisa wa mikopo, kijana mwenye sauti ya asali. "Nakupa hongera. Mkopo wako umepita! Nathibitisha tu, hati ya nyumba ifuatwe, halafu tunamaliza leo leo. Shemeji yako yuko hapa mbele yangu na barua yako ya kumruhusu asaini kwa niaba yako."

"Barua yangu."

"Ndiyo, ina sahihi yako, nimeilinganisha na ya faili, ni yenyewe kabisa. Na umeagiza pesa ziingie kwenye akaunti yake, yeye ndiye atakayemlipa mwenye jengo. Sawa?"

Vyerehani vilikuwa vimenyamaza. Bibi Pindo alikuwa ameshika sindano hewani.

Sikilizeni jinsi shetani alivyo fundi. Palepale, mtihani ukamjia Mama Vifungo umevaa nguo nzuri. Akinyamaza, mkopo upo. Akisema muhuri ni wa kughushi, mkopo umekufa, na kesho saa nne vyerehani vipo barabarani, na wanawake hawa wote warudi makwao mikono mitupu. Labda shemeji atamlipa kweli mwenye jengo. Labda ana haya. Labda damu ya mume wake...

Akaigusa hati ya nyumba kifuani. Karatasi ilikuwa na joto lake.

"Baba," akasema kwenye simu, "usimpe kalamu mtu yeyote."

"Samahani?"

"Barua hiyo sikuiandika. Nilitia sahihi karatasi tupu, kwa ujinga wangu, na ujinga wangu nitaulipa mwenyewe. Hesabu ulizo nazo muhuri wake ni wa uongo. Simamisha mkopo."

Sauti ya asali ikaganda. "Mama, sijakuelewa. Muhuri wa uongo vipi?"

"Mhasibu mwenye jina hilo hajawahi kuviona vitabu vyangu. Kaniambia mwenyewe leo asubuhi. Niko naye hapa."

"Uko naye hapo?"

"Amekaa pembeni yangu, kwenye jora."

"Mama," afisa akasema taratibu, "haiwezekani. Mhasibu wako amekuja na shemeji yako. Ni mwanamke mmoja wa makamo. Amekaa hapa mbele yangu, tunakunywa chai."

Mama Vifungo hakugeuka mara moja. Kwanza alifikiri, na akafikiri vizuri, kama anavyofanya hesabu za kichwa.

Nyumba ile ya asubuhi aliifikaje? Kwa anuani. Anuani aliitoa wapi? Kwenye muhuri. Na muhuri ameuchonga nani? Kama muhuri ni wa uongo, anuani yake ni ya kweli kwa ushahidi wa nani? Aliyebisha mlango kwa maelekezo ya mwongo, amefunguliwa na nani?

Msumari mtupu ukutani. Ukuta unaopakwa rangi. *Hati hiyo iweke kwenye mkoba wangu.*

Lakini pia, mwanamke huyu ndiye aliyemwonyesha majora thelathini. Mwizi gani anamulika wizi? Labda mwizi aliyegombana na mwenzake. Labda mwizi anayetaka kuaminiwa kwa siku moja tu, siku ambayo hati ya nyumba inatoka kabatini.

Au labda ni mtu mwema tu, naye yule wa benki ndiye nyoka.

Mama Vifungo akageuka. Vitabu vitatu vyekundu vilikuwa tayari ndani ya mkoba mweusi, na mkoba ulikuwa umefungwa zipu. Aliufunga saa ngapi?

Lile swali alilolimeza asubuhi kwa haya, sasa lilipanda lenyewe.

"Afisa, usikate simu," akasema. "Huyo aliye mbele yako, mwombe cheti chake cha usajili, na namba uwapigie chama chao. Na mimi namwomba huyu wangu."

Akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Samahani, dada. Sikuuliza nilipopaswa kuuliza. Nauliza sasa. Cheti chako."

Mgeni hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa tena. Kwenye simu walisikia kikombe kikigonga sahani, kiti kikiburuzwa, na sauti ya Kalamu kwa mbali ikisema, "Kwani kuna tatizo gani?"

"Cheti changu," mgeni akasema, akiukumbatia mkoba, "nimekiacha nyumbani."

Hakuna aliyemtuma Mkasi. Alirudi nyuma hatua moja, akausukuma mlango wa stoo kwa kisigino, na akateremsha komeo kwa ndani.